Ngozi haina kitu lakini unawashwa: utatuzi wa muwasho unaotokana na ini

Muwasho wa ini huwapoteza watu njia kwa sababu unasikika kwenye ngozi. Mtu hubadilisha sabuni, kisha mafuta, kisha anaenda duka la dawa na kurudi na Piriton, kisha anachomwa sindano ya mzio, na miezi inapita bila nafuu. Tatizo liko ndani. Nyongo ambayo ilipaswa kutiririka kutoka kwenye ini kwenda utumbo mdogo imekwama au inapita kwa shida, na vitu vilivyopaswa kutoka pamoja nayo vinarudi kwenye damu na kuchokoza mishipa ya fahamu ya ngozi. Unaweza kupaka utakavyo, chanzo hakijaguswa.

Hapa chini nimefuata malalamiko kama wagonjwa wanavyoyaeleza, na chini ya kila moja nimeweka sababu na la kufanya. Jambo ninalolisimamia tangu mwanzo ni kwamba muwasho huu unastahili kutibiwa wenyewe, na si kuambiwa mtu avumilie mpaka ini lipone. Asiyelala usiku hafanyi kazi mchana, hugombana na watu wa nyumbani, na wengine hufika mahali pa kutamani kufa. Kuna dawa, na zina mpangilio wake.

"Nawashwa, lakini sioni vipele"

Hiyo yenyewe ni dalili kubwa. Muwasho wa ini hauanzi na vipele. Mara nyingi huanza kwenye viganja na nyayo, kisha husambaa mwilini. Huzidi jioni na usiku, huzidi kwenye joto, na kwa baadhi ya wanawake huzidi siku zinapokaribia hedhi. Michubuko na vidonda unavyoviona vimeletwa na kucha zako mwenyewe. Mwombe mtu akuangalie mgongo: mara nyingi katikati, pale mikono isipofika, ngozi imebaki safi huku mabega na kiuno vimechubuka. Daktari makini akiona hivyo anajua kwamba kujikuna kumetangulia na alama zimefuata. Kwa aliyejikuna muda mrefu, kucha hung'aa na ngozi huota vinundu vigumu vyeusi.

Watu husema kiganja kikiwasha, pesa iko njiani. Kiganja kinachowasha kila usiku kwa wiki mbili kinahitaji vipimo vya damu.

Hata hivyo usiharakishe kulihukumu ini. Upele wa kuambukizwa nao huwasha usiku, ila wenyewe hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na sehemu za siri, na wanaolala kitanda kimoja nawe huanza kujikuna pia. Pumu ya ngozi na fangasi huonekana kwa macho. Figo zinazoshindwa kazi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa madini ya chuma na baadhi ya saratani za damu na matezi huweza kuwasha bila vipele, kwa hiyo daktari akiagiza picha nzima ya damu, kipimo cha figo na cha tezi, hakupotezei fedha. Wazee pia wanakumbuka muwasho wa klorokwini, uliowatesa Waafrika wengi kabla Tanzania Bara haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, bado hutumiwa kwa magonjwa ya viungo na lupasi na inaweza kuwasha vilevile. Mtajie daktari kila unachomeza.

"Macho yamekuwa ya njano na mkojo umekuwa mweusi"

Kwenye ngozi nyeusi njano haionekani mapema. Tazama weupe wa macho na chini ya ulimi, tena mchana karibu na dirisha, kwa kuwa mwanga wa balbu hudanganya. Tazama na mkojo: ukifanana na chai ya rangi iliyokolea ilhali unakunywa maji ya kutosha, na choo kikiwa kimepauka, cha kijivu au karibu na cheupe, nyongo haifiki utumboni.

Vipimo vya kuomba ni vya utendaji wa ini, na majibu yake yana lugha yake. Herufi utakazoziona ni majina ya vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu. ALT na AST zikipanda sana, seli za ini zenyewe zinaumia. ALP na GGT zikipanda kuliko hizo, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye njia ya nyongo. Hapo hatua inayofuata ni ultrasaundi, na swali moja ndilo linaloelekeza safari yote: mirija ya nyongo imetanuka au haikutanuka?

Ikiwa imetanuka, kuna kitu kimeziba. Huenda ni jiwe lililotoka kwenye mfuko wa nyongo, uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, au saratani ya mrija wenyewe. Kizuizi kikiondolewa, au kijibomba kikiwekwa ili nyongo ipite, muwasho mara nyingi hupungua ndani ya siku chache kuliko dawa yoyote ingeweza kufanya. Kwa hiyo mwenye kizuizi asikubali kukaa miezi akipewa vidonge vya muwasho bila rufaa. Macho ya njano bila maumivu, pamoja na kukonda, ndiyo yanayotaka haraka zaidi, kwa sababu huo ni mwenendo wa saratani ya kongosho.

Ikiwa haikutanuka, shida iko ndani ya ini. Kwa watu wetu homa ya ini B lazima ipimwe, na C pia, pamoja na kuulizwa juu ya pombe. Mwanamke wa umri wa miaka 40 hadi 60 mwenye uchovu usioeleweka, macho na mdomo vikavu, na ALP iliyopanda, apimwe ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mirija midogo ya nyongo. Ugonjwa huo huwapata wanawake takriban 9 kwa kila mwanamume 1, na unaweza kuwasha kwa miaka kabla macho hayajabadilika rangi. Macho meupe hayaliondoi ini kwenye orodha.

Kuna hali moja isiyosubiri kesho: homa na kutetemeka, macho ya njano, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Huku kwetu homa na kutetemeka huitwa malaria kabla ya kipimo, na mgonjwa hupewa dawa ya mseto arudi nyumbani. Ikiwa mrija umeziba na umeingiliwa na bakteria, mtu anaweza kufa ndani ya siku chache. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Vilevile nenda mara moja ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo.

Mtoto mchanga naye: macho yakibaki ya njano baada ya siku 14 na choo kikiwa kimepauka, apelekwe hospitali siku hiyo. Akionekana amezaliwa na mirija iliyoziba, upasuaji hufaulu zaidi ukifanyika kabla ya siku 60. Kumwanika kwenye jua la asubuhi hakuzibui mrija.

"Muwasho ulianza baada ya dawa fulani"

Rudi nyuma miezi mitatu, usiishie wiki iliyopita. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulaneti ina sifa ya kuzuia nyongo wiki kadhaa baada ya dozi kuisha, kwa hiyo mgonjwa hahusishi kabisa mambo hayo mawili. Flukloksasilini hufanya hivyo pia. Klorpromazini (dawa ya magonjwa ya akili), vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na sindano za kujaza misuli wanazochomana vijana wa jimu zimo kwenye kundi hilihili. Dawa za TB na nevirapini, mojawapo ya ARV, huumiza ini kwa njia nyingine, lakini njano na muwasho vinaweza kutokea. Wanaotumia dawa za TB au ARV wasiziache wenyewe: warudi kliniki siku hiyo waamuliwe.

Kisha dawa za mitishamba. Sisemi hivi kwa kuwadharau waganga. Lakini dawa ya kunywa isiyojulikana imechanganywa na nini, ikimezwa na mtu ambaye ini lake tayari limelemewa, ni hatari ya kweli, na kila chupa mpya ya kusafisha ini humfanya daktari ashindwe kujua kilichoharibu ni kipi. Kuoga maji ya mwarobaini hakuwezi kuliumiza ini. Ila hakutaliponya pia. Leta chupa zote hospitalini, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

"Nina mimba na viganja vinawaka moto usiku"

Ngozi ya tumbo kuwasha inapotanuka ni jambo la kawaida. Viganja na nyayo kuwasha usiku bila vipele, hasa baada ya wiki ya 28, si la kulichukulia hivyo. Kuna hali ya nyongo kukwama kwa sababu ya homoni za ujauzito. Mama huteseka lakini hupona. Hatari kubwa iko kwa mtoto. Chumvi za nyongo kwenye damu zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, uwezekano wa mtoto kufia tumboni huongezeka, na madaktari hupanga azaliwe mapema, karibu wiki ya 35 au 36. Zikiwa chini ya hapo, mama wengi husubiri zaidi, kwa uangalizi.

Kipimo hicho hakipo kila zahanati. Muulize mkunga akuandikie rufaa, na angalau upimwe utendaji wa ini. Vikiwa sawa na muwasho unaendelea, virudiwe baada ya wiki moja au mbili, kwa kuwa muwasho unaweza kutangulia majibu. Asidi ya ursodeoksikoli, dawa ya kusaidia nyongo kutiririka, hupewa wengi, lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa haikupunguza madhara kwa mtoto, na nafuu yake kwenye muwasho ni ndogo. Kwa hiyo kupewa vidonge hakumalizi kazi: tarehe ya kujifungua ndiyo mazungumzo yenyewe. Baada ya kujifungua muwasho huisha kwa siku au wiki chache. Mimba inayofuata unaweza kurudi, basi litaje siku ya kwanza ya kliniki.

"Piriton hainisaidii, inanilaza tu"

Ni kweli. Piriton na dawa za jamii yake huzuia histamini, kemikali ya mzio. Muwasho wa nyongo hauendeshwi na histamini, na ndiyo maana huoni mabaka wala uvimbe. Usingizi unaoupata ni athari ya dawa, na mtu aliyelala hajikuni, basi. Kwa ini lililosinyaa (sirosisi) usingizi huo ni hatari, kwa sababu dawa za kusinzisha zinaweza kumsukuma mgonjwa kwenye kuchanganyikiwa. Ndugu wakidhani amelala vizuri, kumbe anazama.

Krimu za steroidi zina kazi kwenye pumu ya ngozi, hapa hazina. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, ngozi hukonda na kuchanika kwa kucha kirahisi. Mkorogo ndio mbaya kuliko vyote, uachwe leo.

"Usiku ndio mateso"

Joto la mwili na la chumba huuchochea, na usiku hakuna cha kukupotezea mawazo. Oga maji ya baridi au vuguvugu kidogo kabla ya kulala, dakika chache tu, kwa sabuni isiyo na manukato. Sabuni ya mche na sabuni za kuua vijidudu hukausha ngozi. Jipanguse kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu upake mafuta ya mgando au krimu nzito isiyo na harufu. Krimu yenye mentholi hutuliza kwa saa chache, isiguse vidonda. Ukiiweka kwenye friji inafanya kazi vizuri zaidi.

Lala na pamba. Khanga iliyofuliwa mara nyingi ni bora kuliko shuka jipya la nailoni, na blanketi la manyoya lisikuguse. Mwambao kuna joto na unyevu, kwa hiyo feni ina maana kubwa. Umeme ukikatika, weka taulo lililoloweshwa na kukamuliwa juu ya miguu na viganja. Usiondoe neti kwa ajili ya upepo. Kucha zikatwe fupi na zipigwe tupa, na anayejikuna akiwa usingizini avae soksi za pamba mikononi. Ukizidiwa, bonyeza au pigapiga kwa kiganja, au weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, badala ya kukwangua. Kidonda kikiwa na usaha, joto au maumivu kionwe mapema, kwa sababu mwenye ini lililosinyaa hushindwa na maambukizi haraka.

Mambo haya yote yananunua masaa. Hayatibu, na nasikitika kila ninapoona mgonjwa amepewa ushauri wa kuoga maji baridi peke yake akaruhusiwa kwenda.

"Nimepewa dawa ya unga, haifanyi kazi"

Hiyo ni kolestiramini, na kwa kawaida ndiyo dawa ya kwanza. Hunasa chumvi za nyongo utumboni zisirudi kwenye damu, zikatoka na choo. Ikishindwa, mara nyingi kosa liko kwenye namna ya kuinywa.

Kwanza, muda. Nyongo hujikusanya kwenye mfuko wake usiku kucha na kumwagika unapokula asubuhi, kwa hiyo aliye na mfuko wa nyongo anywe kifuko kimoja cha gramu 4 kabla ya kifungua kinywa na kingine baada yake. Ikihitajika daktari huongeza hadi gramu 16 kwa siku. Pili, unga huu hunasa na dawa nyingine. Meza dawa zako saa 1 kabla yake au saa 4 baada yake, la sivyo ursodeoksikoli, dawa ya presha, ya moyo au ya tezi zitatoka chooni bila kufanya kazi. Tatu, ladha. Usiumeze mkavu. Uchanganye na juisi ya embe au uji uliopoa, uache dakika chache ulowe, kisha ukoroge tena. Tumbo hujaa gesi na choo huwa kigumu. Maji, papai na mboga za majani husaidia. Upe unga siku kadhaa kabla ya kuuhukumu.

Nne, na hili husahaulika: mrija ukiwa umeziba kabisa, hakuna nyongo utumboni ya kunaswa. Unga hauna kazi hapo, na choo cheupe kilishakuambia.

Ukiutumia kwa muda mrefu, vitamini A, D, E na K hupungua. Fizi zikitoka damu au mwili ukivilia kirahisi, mwambie daktari apime ugandaji wa damu. Na kwa kuwa haupatikani kila duka la dawa, agiza kifuko kipya kabla ya cha mwisho.

"Wanataka kunipa dawa ya TB, ya ulevi au ya msongo. Kwani wamenikosea?"

Hawakukosea. Unga ukishindwa, hatua ya pili ni rifampisini, ndiyo hiyo ya TB. Wagonjwa wa nyongo wengi hupata nafuu kwayo, kwa dozi inayoanza chini, mara nyingi miligramu 150, na kupandishwa. Mkojo, jasho na machozi huwa rangi ya chungwa. Hilo si damu. Lakini ina masharti mazito. Kwanza mgonjwa ahakikishwe hana TB, kwani rifampisini peke yake kwa mwenye TB huzalisha usugu. Usichukue kabisa vidonge vya TB vya ndugu yako: vile huwa vimechanganywa na isoniazidi na pirazinamidi, zinazoumiza ini. Rifampisini yenyewe huweza kuliumiza ini, kwa hiyo vipimo virudiwe ndani ya wiki chache na kila dozi inapopanda. Hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, na anayetumia ARV iitwayo dolutegraviri huhitaji kuongezewa dozi yake. Daktari asipokuuliza juu ya ARV na uzazi wa mpango, wewe mwambie.

Baadaye huja naltreksoni, inayofahamika kwa matibabu ya ulevi. Mwili hutengeneza vitu vyake vinavyofanana na morfini, na ugonjwa wa nyongo huvifanya vichochee muwasho. Dawa hii huvizuia. Huanzwa kwa kipande kidogo cha kidonge. Anayetumia tramadoli, kodeini au morfini asiiguse, atapata mshtuko wa kuacha dawa ghafla. Setralini, ya msongo, hupandishwa taratibu hadi miligramu 75 au 100 na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Kupewa setralini hakumaanishi daktari anadhani muwasho uko kichwani mwako. Bezafibrati, dawa ya mafuta kwenye damu, nayo imeonyesha nguvu: kwenye utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 45 kati ya kila 100 waliopewa walipungukiwa na muwasho kwa nusu au zaidi, dhidi ya 11 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa.

"Vipimo vimeshuka, daktari anasema naendelea vizuri, lakini nawashwa vilevile"

Wote wawili mnaweza kuwa sahihi. Ukali wa muwasho haulingani na ukali wa ugonjwa. Mwenye ini zuri kiasi anaweza kuteseka kuliko mwenye ini lililosinyaa. Ursodeoksikoli, kwa mfano, hulinda ini kwenye ugonjwa wa kinga nilioutaja, lakini haina uhakika wa kuondoa muwasho. Kinyume chake pia hutokea: kwa baadhi ya wagonjwa wa muda mrefu muwasho hupungua kadiri ini linavyochoka. Ukitulia wenyewe huku tumbo linajaa maji au miguu inavimba, hiyo si habari njema.

Tatizo ni kwamba muwasho hauonekani kwenye karatasi ya maabara. Uweke wewe kwenye karatasi. Kila asubuhi andika namba kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni muwasho mbaya kuliko wowote uliowahi kuupata, na mara ulizoamka usiku. Andika na siku ulipoanza au kubadilisha dawa. Nenda na daftari hilo kliniki. Daktari mwenye foleni ndefu atapita haraka juu ya "bado nawashwa", lakini hatapita juu ya 9 za mwezi mzima. Na kama kuna usiku umefikiria kujiua, liseme kwa maneno hayohayo, kwa daktari na kwa mtu wa nyumbani, siku hiyohiyo.

"Nimemaliza dawa zote"

Kabla ya kukubali kwamba zimeshindwa, pitieni upya: kila moja ilipewa dozi kamili na muda wa kutosha? Unga ulitenganishwa na nyingine? Ultrasaundi ilirudiwa, maana jiwe linaweza kuwa limeshuka tangu ile ya kwanza? Baada ya hapo kuna tiba ya mwanga wa urujuanimno, na kwenye hospitali chache kuna kuingiza mrija wa kutolea nyongo nje kwa muda. Kwa watoto waliozaliwa na magonjwa ya kurithi ya nyongo kuna dawa mpya zinazozuia nyongo kufyonzwa utumboni, maraliksibati na odeviksibati, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2021, ila bei yake iko mbali na familia nyingi.

Mwisho wa ngazi ni kupandikizwa ini. Muwasho usiotibika unakubalika kimataifa kuwa sababu ya kupandikizwa hata kama ini bado linafanya kazi. Familia nyingi za Afrika Mashariki hulazimika kufikiria India, na mtoaji sehemu ya ini mara nyingi ni ndugu, kwa hiyo mazungumzo haya huanza nyumbani mapema. Omba barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa ini, na uhakikishe ndani yake imeandikwa kila dawa uliyojaribu, dozi yake, muda wake, na namba za daftari lako.